Mdudu Katika Kiberiti cha Kaka

Najua unajiuliza mdudu wa Uchina anatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Swali hilo hilo niliulizwa na wanachama wenzangu siku tuliyokutana kupanga makala, na wengine walicheka hadi machozi yakawatoka. Aliyeniokoa ni mlezi wetu. Alisema Kiswahili kisichoweza kueleza goti la mdudu ni Kiswahili cha kuimbia harusini tu. Basi leo nitajaribu goti hilo, na kiuno chake pia. Lakini kabla ya hapo yafaa mjue kwamba habari hii ilianza na kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Kaka yangu mkubwa anasomea mambo ya misitu katika chuo kikuu mjini Fuzhou, jimbo la Fujian, kusini mashariki mwa Uchina. Mwezi wa Julai mwaka jana, yeye na wenzake walikwenda kutembea katika milima ya Wuyi, iliyo mpakani mwa Fujian na Jiangxi. Siku ya pili mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, kando ya njia iliyopita katikati ya mianzi, kaka akamwona mbawakawa mkubwa amelala chali, amekufa, anang'aa kama kito cha bibi arusi. Akamwokota, akamtia katika kiberiti kitupu juu ya pamba. Ya nini? Ya kuniletea mimi zawadi! Anajua tangu nikiwa darasa la nne kwamba mimi hukusanya wadudu, tabia ambayo imemgharimu mama mikebe mingi ya majani chai.

Kaka hakuwa mjinga. Alikuwa amesikia kwamba huko baadhi ya mbawakawa hulindwa na serikali, sawa na vile sisi tunavyolinda vifaru. Akampiga picha nne, pembeni ameweka sarafu ya yuan moja, akazituma katika simu ya mama na maneno haya: "Mwambie mdogo wangu aniambie huyu ni nani. Kama si wa kulindwa nitamleta. Nasafiri tarehe 20 Agosti."

Mimi nilikuwa shuleni, na simu shuleni ni marufuku, mnajua wenyewe. Picha hizo nilizipata tuliposhuka likizo mapema Agosti. Nilizitazama jioni moja tu. Mdudu mwenyewe ni kijani kibichi chenye kung'aa, kifua chake kina wekundu wa dhahabu, na mgongoni ana safu za vinundu vyeusi. Kesho yake nikaenda saiba, nikatafuta mbawakawa wa kijani wa Uchina, nikakutana na jina *Carabus smaragdinus*. Neno hilo la pili maana yake ni zumaridi. Zumaridi si ndiyo kijani? Nikatafuta orodha ya wanyama wanaolindwa, *smaragdinus* simwoni. Nikaandika jibu kwa majivuno: "Ni *Carabus smaragdinus*. Halindwi. Mlete." Nikalala usingizi wa pono.

Hebu sasa niwaeleze mdudu wa aina hii ni nani hasa, ndipo mtakapoona nilipojikwaa.

Familia yake huitwa Carabidae, nayo ni kubwa ajabu, ina spishi zipatazo 40,000 duniani. Wengi wao hawana haja ya maua wala mavi ya ng'ombe. Ni wawindaji. Mchana hujificha chini ya mawe, magogo na majani yaliyooza, na usiku hutoka mbio kutafuta riziki. Wachina huwaita *bujia*. *Bu* ni hatua, *jia* ni deraa au gamba la vita. Kwa hiyo bujia ni kama kusema deraa inayotembea, na mimi naona jina hilo linashinda lile la Kilatini, maana ukimtazama mdudu huyu akikatiza njia utadhani ni askari wa zamani anayekwenda zamu.

Utamtambuaje mbawakawa wa ardhini kati ya mbawakawa wengine? Mimi nilijifunza kwa vitendo. Nilichimba shimo dogo shambani kwetu nyuma ya jikoni, nikafukia kikombe cha plastiki hadi mdomo wake ukawa sawa na udongo, nikaweka kigae juu kama paa. Mdudu anayetembea usiku huanguka humo na hawezi kupanda ukuta laini. Wataalamu hutumia mtego huu huu dunia nzima, tofauti ni kwamba wao huongeza siki au bia ili harufu iwavute wadudu. Bia mama alikataa katakata.

Asubuhi ya tatu nilipata mbawakawa wawili weusi waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Nikachukua lenzi. Kwanza nilihesabu vipingili vya wayo. Mmoja alikuwa na vipingili vitano katika kila mguu, yote sita. Wa pili alikuwa navyo vitano katika miguu ya mbele na ya kati, lakini miguu ya nyuma vinne tu. Huyo wa vinne si wa familia yetu, ni wa familia ya mbawakawa wa giza, ambao hula vitu vilivyooza na wamejaa kila mahali katika nchi kavu. Kisha nikampindua yule wa vitano. Hapa ndipo penye siri. Pale mguu wa nyuma unapoungana na mwili pana kipande kikubwa cha mviringo kama punje ya haragwe, kiitwacho trokanta, na nyonga za miguu hiyo zimesukumwa nyuma mpaka zikaupasua utepe wa kwanza wa tumbo vipande viwili. Ukiona hivyo, pamoja na vipapasio vyembamba kama uzi vyenye vipingili kumi na kimoja, vinavyochipuka kati ya jicho na taya, umempata.

Nchini mwetu wako wengi. Katika nyika kavu kuna wale wa jenasi ya Anthia, wakubwa, weusi wenye madoa meupe, ambao ukiwasumbua hukurushia asidi ya fomiki. Usijaribu kumwinamia usoni. Lakini jenasi ya Carabus yenyewe, ile ya mdudu wa kaka, kusini mwa Sahara haipo kabisa. Makao yake ni Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na Uchina ndiko ilikotapakaa kwa wingi wa spishi na uzuri wa rangi.

Sasa turudi kwangu na majivuno yangu. Tarehe 14 Agosti nilikwenda Nairobi kwa shangazi, naye akanipeleka Makumbusho ya Taifa. Nilimsumbua mpaka akaomba tuonane na mtu wa idara ya wadudu. Alitoka mzee mmoja mwenye koti jeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwonyesha picha, nilizokuwa nimezitoa kwenye karatasi pale saiba, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua, "Mzee, huyu ni *Carabus smaragdinus*."

Hakuitazama picha. Aliniuliza, "Kijana, alitoka wapi?"

"Uchina, mzee."

"Uchina ni kubwa. Uchina wapi?"

"Fujian. Milima ya Wuyi."

Akavua miwani, akaifuta, akasema polepole, "Basi umeanzia mwisho. Huyo unayemtaja ni wa kaskazini. Ni wa kule Uchina ya kaskazini, Korea na mashariki ya mbali ya Urusi. Atafikaje Wuyi? Kwa matatu?"

Shangazi alicheka. Mimi nilihisi jasho likinitoka kwapani.

Alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mbawakawa wengi wa jenasi hii hawawezi kuruka. Wana yale magamba mawili magumu ya mgongoni, lakini mabawa ya kurukia yaliyo chini yake yamedumaa, yamebaki vijipande visivyo na kazi. Wanachojua ni kutembea. Sasa mtu atembeaye kwa miguu ya sentimita mbili, apendaye ubaridi na unyevu, akiishi msitu wa mlimani, atavukaje bonde lenye joto na mashamba ya mpunga ili afike mlima wa pili? Havuki. Nyakati za baridi ya kale, misitu ya milimani ilipokuwa imeshuka chini, mababu zake waliweza kuenea. Joto liliporudi misitu ikapanda juu tena, na wao wakapanda nayo, kila kundi likabaki kileleni kwake kama watu waliokwama kisiwani maji yalipojaa. Miaka maelfu kwa maelfu ikapita, na kila kisiwa kikaanza kuwa na watu wake, wenye rangi yao na umbo lao.

Ndiyo maana mzee yule aliuliza mahali kabla ya kuuliza rangi. Kwa ndege aina ya mbayuwayu, mahali hakukwambii sana, maana leo yuko hapa na mwezi ujao yuko Ulaya. Kwa mdudu asiyeruka, mlima ni kama jina la ukoo. Ukijua mlima umekwisha kuondoa robo tatu ya majina, hata hujafungua kiberiti.

Nilimwuliza, "Lakini mzee, si wote ni kijani?"

"Kijani hicho kiko wapi?" akaniuliza. Alitoa katika droo mbawakawa mmoja wa buluu, akamgeuzageuza chini ya taa. Buluu ikawa zambarau, kisha karibu nyeusi. Rangi ya namna hii haikutokana na rangi iliyopakwa ndani ya gamba. Gamba lina matabaka membamba mno yaliyolaliana, na mwanga ukigonga matabaka hayo baadhi ya rangi zake hurudishwa kwa nguvu na nyingine hupotea. Ni kama petroli iliyomwagika juu ya maji barabarani. Ukisogeza kichwa, rangi nayo husogea. Ukipiga picha kwa mwanga wa simu, unapata rangi nyingine. Zaidi ya hayo, ndani ya spishi moja wapo wa kijani, wapo wa buluu, wapo wa shaba, ndugu wa mama mmoja. Mtu anayemtambua Carabus kwa rangi peke yake ni sawa na mwalimu anayewaita wanafunzi kwa rangi ya sweta.

Basi tukaketi, tukaanza upya, safari hii kutoka mlimani.

Milima ya Wuyi si mirefu kwa kipimo cha kwetu. Kilele chake kikubwa, Huanggang, kina zaidi ya mita 2,150, yaani hakifiki hata nusu ya Mlima Kenya. Lakini pepo za monsuni kutoka baharini huipiga na kuacha mvua nyingi, na ukungu hukaa kwenye mabonde yake asubuhi nyingi za mwaka. Chini kabisa kuna mashamba ya chai, ile chai ya mawe ambayo Wachina huinywa kwa vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto. Ukipanda unaingia msitu wa miti mipana isiyopukutisha majani, umechanganyika na mianzi minene. Juu yake miti mipana huanza kuchanganyika na misonobari, halafu misonobari inatawala, kisha miti inakuwa mifupi, imepinda, imevikwa kuvumwani mpaka kwenye vidole vya matawi, na mwisho ni majani ya kilele yanayopigwa na upepo. Mahali hapo palitangazwa hifadhi mwaka 1979, pakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999, na mwaka 2021 pakawa miongoni mwa mbuga tano za kwanza za kitaifa za Uchina.

Wataalamu wa wadudu wanaijua milima hii kama sisi tunavyoijua njia ya kwenda bwalo. Mwaka 1873 padri Mfaransa, Armand David, alifika katika kijiji cha Guadun kilicho juu milimani humo. Ni yule yule aliyewajulisha watu wa Ulaya habari za panda mwaka 1869. Baada yake walifika wakusanyaji wengine, akiwemo Mjerumani Klapperich aliyekaa Guadun miaka ya 1937 na 1938, akapeleka wadudu wengi kwenye jumba la makumbusho la Bonn. Kwa hiyo kijiji kidogo cha wakulima wa chai kimekuwa mahali palipotajwa katika vitabu visivyohesabika, kwani kila spishi mpya ikipewa jina lazima kuwe na kielelezo kimoja kinachowekwa kabatini kama ushahidi, na lebo inayosema kilitoka wapi. Vielelezo vingi vimeandikwa Guadun.

Mdudu mkubwa wa fahari wa milima hiyo mmoja anaitwa kwa jina la padri huyo, *Carabus davidi*. Alipewa jina mwaka 1878 na Wafaransa wawili, Deyrolle na Fairmaire. Mwingine ni *Carabus lafossei*, aliyepewa jina na Feisthamel mwaka 1845, naye huishi katika majimbo ya mashariki kama Zhejiang, Jiangxi na Fujian. Mzee alipoyataja majina hayo mawili moyo wangu ulipiga paa! Nilikuwa nimeyaona. Yako katika orodha ya serikali ya Uchina ya wanyama wa kulindwa, daraja la pili, tangu mwaka 1989. Katika orodha mpya ya mwaka 2021 mbawakawa wengine wa jenasi hii waliongezwa, lakini hao wawili ni wa tangu mwanzo. Kumkusanya bila kibali ni kuvunja sheria, na sheria hiyo haimtazami mnyama aliye hai tu. Inagusa pia mzoga na kila kinachotokana naye.

Na kaka yangu alikuwa amemfunga ndani ya begi kwa neno langu.

"Tulia," mzee akasema. "Kwanza tujue ni nani."

Tulianza na kipimo. Kwenye karatasi sarafu ilikuwa na upana wa milimita 20, mdudu urefu wa 33 na upana wa 12. Sarafu ya yuan moja ina milimita 25, ndivyo nilivyosoma saiba. Kwa hesabu hiyo mdudu alikuwa na urefu wa milimita 41 na upana wa 15. Mzee akatikisa kichwa, akasema mbona ni mrefu hivyo, hebu tazama sarafu ilitolewa mwaka gani. Nikatazama kwa lenzi: 2019. Tulipotafuta tuligundua kwamba mwaka huo Wachina walibadilisha sarafu, wakaipunguza ikawa milimita 22.25. Tukapiga hesabu tena. Urefu karibu 37, upana kidogo zaidi ya 13. *Lafossei* huwa na urefu wa milimita 34 hadi 39, na upana wa 11 hadi 16. *Davidi* anaweza kufika urefu huo pia, lakini ni mwembamba zaidi, upana wake ukiwa 9 hadi 12 na nusu.

Kipimo peke yake hakitoshi, maana mdudu mmoja anaweza kuwa mnene kuliko wenzake kama vile sisi. Tukaenda kwenye mgongo. *Davidi* ana kifua cha buluu inayoingia zambarau, na magamba ya kijani ambayo kuelekea nyuma huchukua wekundu wa shaba. Huyu wetu kifua chake kilikuwa na dhahabu nyekundu, lakini rangi tumekwisha kukubaliana tusiitegemee. Tukahesabu vinundu. Kila gamba lina safu sita, safu ya vinundu vikubwa virefu vyeusi ikifuatwa na safu ya vidogo. Tukatazama mwisho wa magamba, pale yanapokutana nyuma. Picha ya tatu ndiyo iliyosaidia, aliyoipiga kaka kutoka nyuma bila kukusudia. Kila gamba lilimalizika kwa kijimwiba kifupi, viwili pamoja vimesimama kama ncha za kalamu.

"*Lafossei*," mzee akasema.

Na kichwa chake? Kirefu, chembamba, na kifua nacho chembamba ukilinganisha na tumbo. Hilo lina sababu yake, tena ya kutisha. Mbawakawa wa kundi hili hula konokono. Huingiza kichwa chake kile chembamba katika mlango wa kombe, humtemea konokono maji yenye kuyeyusha nyama, kisha hunywa kile kilichoyeyuka. Tumbo lake limemtoka mdomoni, tuseme. Buu lake pia ni mla konokono, huvua ngozi na kuwa kubwa zaidi, kisha hujichimbia udongoni na kugeuka. Mahali penye mianzi, unyevu, magogo yaliyooza na konokono wengi ndipo nyumbani kwake. Mlima mkavu hauna konokono wa kumtosha, kwa hiyo hauna *lafossei*. Nilipomkumbuka kaka alivyosimulia mvua ya usiku na njia ya mianzi, niliona aibu. Habari zote zilikuwa ndani ya ujumbe wake wa kwanza, mimi nikakimbilia zumaridi.

Wataalamu wakiwa na mdudu mwenyewe mkononi hawaishii hapo. Hutazama kama ni dume, kwa kuwa dume ana nyayo za mbele zilizopanuka, zenye vinyweleo vya kunatia mgongoni mwa jike. Kisha humpasua dume taratibu na kutazama kiungo chake cha uzazi. Msicheke, jamani. Kila spishi ina umbo lake la kiungo hicho, na kile cha jike hulingana nacho kama kufuli na ufunguo. Huko Japani, Sota na Kubota walionyesha mwaka 1998 kwamba spishi mbili zilizo jirani zikipandana viungo huvunjika na wadudu huumia. Kwa hiyo umbo hilo huaminika kuliko rangi. Siku hizi huongeza na DNA. Osawa, Su na Imura walikusanya habari za DNA za mbawakawa hawa wa dunia nzima katika kitabu kilichotoka mwaka 2004, na mambo mengi yaliyopangwa kwa macho ikabidi yapangwe upya. Picha nne za simu haziwezi kufika huko. Mzee aliniambia wazi kwamba picha zimemtosha kusema *lafossei*, lakini zisingemtosha kuandika lebo ya kabati lake.

Tulitoka hapo saa kumi na moja kasoro, jioni. Uchina wako mbele yetu kwa saa tano, kwa hivyo kule ilikuwa karibu saa nne za usiku. Nilimwomba shangazi simu pale pale kwenye ngazi za makumbusho.

"Sema, mdogo wangu," kaka akaitikia, sauti ya mtu aliyekuwa anasinzia.

"Kaka, usimlete yule mdudu."

"Si ulisema halindwi?"

"Nilikosea. Ni *lafossei*. Daraja la pili."

Kimya. Kisha akauliza, "Una hakika, au ni kama mara ile?"

Swali hilo lilinichoma kuliko kicheko cha shangazi. Nikamweleza mlima, sarafu ya 2019, safu sita, na vijimwiba viwili. Alisema ngoja. Nikasikia zipu ya begi, nikasikia kiberiti kikifunguliwa. Alikuwa naye mkononi, kitu ambacho mzee wa makumbusho hakuwa nacho. Baada ya muda akasema, "Miiba ninaihisi kwa kidole. Safu ni sita. Miguu ya mbele imepanuka."

"Basi ni dume," nikasema.

"Basi ni dume, na mimi nilikuwa nampitisha uwanja wa ndege ndani ya soksi." Akaguna. "Ungenitia matatani, wewe."

Sikuwa na la kujibu. Hata leo sina. Watu hukamatwa kwa mambo haya, maana nje kuna wakusanyaji wanaolipa pesa kwa mbawakawa wa Uchina wenye rangi, na afisa wa forodha hajui kama wewe umemwokota njiani au umewapa vijana wa kijiji mikebe ya mitego mia mbili.

Kesho yake kaka alimpeleka mdudu kwa mhadhiri wake wa wadudu wa misitu, akamweleza ukweli wote. Mhadhiri hakumkaripia. Alimwuliza maswali yale yale ya mzee wa Nairobi, kwa mpangilio ule ule: wapi, kwenye mwinuko gani, chini ya miti gani, tarehe gani. Kaka alikumbuka vyote isipokuwa mwinuko, ikabidi apekue simu yake kutafuta picha ya kibao cha njia. Mhadhiri naye akathibitisha jina, akaahidi kuifikisha habari hiyo kwa wahusika.

Tarehe 21 Agosti tulimpokea kaka nyumbani. Aliniletea pakiti ya chai ya Wuyi, ambayo baba alionja mara moja akasema haina maziwa wala maana, na kile kiberiti, kitupu, pamba bado imo. Kwenye pamba palikuwa pamebaki kipande cha kipapasio, vipingili vitatu. Tulikitazama kwa lenzi, mimi na yeye, kisha akakipuliza dirishani.

Kiberiti sasa kina yule mweusi wa vipingili vitano niliyemnasa nyuma ya jikoni. Jina lake sijalitafuta. Lebo yake nimeiandika tayari: mahali, mwinuko, tarehe, chini ya kigae, usiku wa mvua ndogo.